Kubisha Hodi kwa Kompyuta Kuukuu

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hutumiwa aghalabu katika mambo ya ndoa na urafiki, lakini hukumu yake ni pana kuliko hayo. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa kwa kukaliwa, walakini ni mali ya mwenye nyumba. Msala upitao ni mzuri wa kutazamwa, lakini una mwenyewe na una safari yake. Methali haisemi kwamba kikuukuu ni bora kuliko kipya. Husema tu kwamba kitu kilichomo mkononi kina haki ya kuchunguzwa kabla ya kutupwa. Katika zama hizi, ambamo mashine huzeeka upesi kuliko nguo, haki hiyo ni adimu. Insha hii yaitazama katika jambo moja dogo: kuziwasha kompyuta za zamani kwa njia ya mtandao, katika shule moja iliyo chini ya milima ya Uluguru.

Mji wa Morogoro umelala miguuni pa milima hiyo. Kilele cha Lupanga, chenye urefu wa zaidi ya mita 2,100, husimama juu yake. Na kusini zaidi, Kimhandu hupita mita 2,600. Mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga upande wa mashariki wa milima na kuacha mvua nyingi huko, na maji yake hushuka kwa mito mingi hata kuingia Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa kunywa. Mji wenyewe ni wa safari na wa elimu. Reli ya kati iliufikia mwaka 1907. Treni ya umeme ilianza kuubebea abiria wa Dar es Salaam mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiliundwa mwaka 1984, na Mzumbe ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Penye vyuo na ofisi hapakosi mashine zilizokwisha tumika, na mashine zilizokwisha tumika hutafuta pa kwenda kama maji yatafutavyo bonde.

Shule inayohusika haina haja ya kutajwa jina. Ilipewa kompyuta 18 zilizotoka maofisini, zikafika juu ya lori, zimefungwa kwa kamba za katani, zikapangwa safu tatu za kompyuta sita sita. Hakuna hata moja iliyokuwa na diski. Wenye mali wa kwanza walizitoa diski zote ili siri za kazi zao zisisafiri pamoja na mashine, na hiyo ni desturi ya busara. Lakini kompyuta isiyo na diski huamka haina habari yoyote: ina nguvu ya kutenda, haina la kutenda. Kununua diski 18 kulikuwa nje ya uwezo wa shule. Mwalimu wa fizikia, mtu wa makamo aliyejifunza mambo haya kwa kusoma na kujaribu, akashauri njia nyingine. Shule ilikuwa na kompyuta moja yenye nguvu na diski nzima. Hiyo ifanywe mwenyeji, na nyingine zote ziwe wageni wake. Kila asubuhi zije kwake kwa waya, ziombe mfumo wa uendeshaji, zipewe, zifanye kazi.

Njia hiyo yaeleweka vyema kwa mtu aliyelelewa katika adabu za Waswahili, kwa kuwa inafuata karibu hatua zote za kubisha hodi. Kompyuta inapowashwa, programu ndogo iliyohifadhiwa katika kadi yake ya mtandao hutoa ukelele kwa kila aliye katika waya: hodi, sina anwani, namba ya kadi yangu ni hii, nani atanipokea? Mwenyeji hujibu: karibu, anwani yako ni hii, na faili utakalolisoma kwanza laitwa hivi. Mgeni hukubali, na mwenyeji huthibitisha. Ndipo mgeni huliomba faili lile, hulisoma, nalo humwonyesha ilipo kerneli, yaani kiini cha mfumo. Kerneli ikishaamka ndani ya mgeni, huomba nyumba nzima, yaani mafaili yote ya mfumo, ambayo hubaki katika diski ya mwenyeji na kusomwa kutoka huko. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo; hapa ni mgeni apataye kupona.

Wala adabu hii si ya jana. Kanuni ya kupeleka mafaili iitwayo TFTP iliandikwa mwaka 1981 na Karen Sollins wa chuo cha MIT, Marekani. Kanuni ya kumpa mgeni anwani na jina la faili, iitwayo BOOTP, iliandikwa mwaka 1985 na Bill Croft na John Gilmore. Mrithi wake, DHCP, alitoka mwaka 1993 na kusahihishwa mwaka 1997. Kampuni ya Intel ilizikusanya kanuni hizo katika utaratibu mmoja uitwao PXE, ambao toleo lake la 2.1 ni la mwaka 1999. Na mwaka huo huo Jim McQuillan alianzisha Marekani mradi wa LTSP wa kuzihudumia kompyuta zisizo na diski kwa mfumo wa Linux. Kwa hiyo mtu akidhani kwamba kompyuta kuukuu inalazimishwa kufuata njia isiyo yake, amekosea. Mashine hizi ni rika moja na njia yenyewe. Kinachozitatiza, mara nyingi, ni mambo yaliyozaliwa baada yao.

Siku ya kwanza, kati ya kompyuta 18, ziliwaka 5 tu. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo haina sifa mbele ya watu, nayo ni kazi ya kutafuta kosa. Mwalimu aliwakataza wanafunzi kusema kwamba mashine fulani ni mbovu. Aliwataka waseme mazungumzo yamekatika wapi. Tofauti ya kauli hizo mbili ni kubwa kuliko ionekanavyo. Kauli ya kwanza ni hukumu. Ya pili ni swali. Mwenye kuhukumu hukaa kitako, na mwenye kuuliza hana budi kuinuka akatazame.

Programu ile ndogo ya kadi ya mtandao, pamoja na ufupi wake, ni mkweli. Inaposhindwa huandika namba kwenye kioo, na kila namba ni jina la mlango uliofungwa. E61 maana yake hakuna dalili ya waya. E51 maana yake hodi imepigwa na hakuna aliyejibu kabisa. E53 maana yake amejibu mtu, ametoa anwani, lakini hakutaja jina la faili. E32 maana yake jina la faili lajulikana, ila mgeni ameomba na kungoja hata muda ukapita. Wanafunzi walizichora namba hizo ubaoni kwa mpangilio wa safari yenyewe, wakaandika kando ya kila moja maana yake kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo kila mashine iliyoshindwa ilikuwa na mahali pake ubaoni, na hofu ikapungua, kwa kuwa kosa lenye mahali ni nusu ya kosa.

E61 ilitokea kwa kompyuta mbili. Waya mmoja ulikuwa umefungwa vibaya kichwani, nyuzi zake zimepishana rangi. Wa pili ulitafunwa na panya. Morogoro ni mji ulioheshimika kwa panya wake: tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine, limewafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya wa shule hii hawakupata elimu hiyo. Waya zikabadilishwa na kuinuliwa ukutani.

E32 nayo ilikuwa nyepesi. Mwenyeji alikuwa na ukuta wa usalama uliofunga mlango namba 69, ambao TFTP huutumia. Ulipofunguliwa, mafaili yakapita, ingawa polepole. Upole huo una sababu yake: kwa kanuni ya asili, TFTP hupeleka kipande cha baiti 512, husubiri mgeni aseme nimepokea, ndipo hupeleka kingine. Ni kujaza pipa kwa kata. Mwalimu akatumia programu ya iPXE, ambayo mgeni huipokea kwanza kwa kata, kisha yeye mwenyewe hushika ndoo, akateka mafaili makubwa kwa HTTP, njia ile ile iletayo kurasa za intaneti.

Lakini E53 iliwatesa kwa wiki mbili. Iliziangukia kompyuta sita za safu iliyo karibu na dirisha, na haikuziangukia siku zote. Asubuhi zilikataa, alasiri nyingine zikawaka. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi. Wengine walisema ni unyevu wa dirishani, na kwa kweli mvua za Uluguru huleta kutu hata penye rangi mpya. Wengine walisema kadi zake zimechoka. Mwalimu alizifungua, akasafisha vigusio vya vipande vya kumbukumbu kwa ufutio wa penseli, akabadilishana waya kati ya safu na safu; hali ikabaki vile vile. Kamati ya mali ya shule, ambayo haikuwa na nia mbaya, iliziandika sita hizo katika orodha ya vifaa vya kuondolewa, maana chumba kilihitajika na umeme una gharama.

Kilichoziokoa ni daftari. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, msichana aliyetoka upande wa Mgeta, alipewa kazi ya kuandika ni mashine ipi iliyowaka na ipi iliyokataa. Yeye akazidisha juu ya alichoagizwa: akaandika na saa. Baada ya siku tisa alimwendea mwalimu, akaamkia, akafungua daftari.

"Mwalimu, safu ya dirishani si mbovu," alisema. "Sisi huanza kuwasha upande ule kila asubuhi, kwa sababu ndiko mlango uliko. Siku ya Alhamisi tulianza upande wa ukutani, na safu ya ukutani ndiyo iliyokataa."

"Basi ubovu uko wapi?"

"Hakuna ubovu. Zinabisha hodi kabla mwenyeji hajaamka."

Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Kama mwenyeji hajaamka, namba ingekuwa E51, hakuna aliyejibu. Hii ni E53. Ni nani aliyejibu?"

Swali hilo ndilo lililofungua fumbo. Shule ilikuwa na kisanduku kidogo cha ruta kilicholeta intaneti katika ofisi ya mkuu wa shule, nacho kiliunganishwa na waya ule ule. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kazi ya kugawa anwani kwa kila abishaye hodi. Usiku shule ilizima umeme. Asubuhi ulipowashwa, ruta iliamka kwa muda mfupi, ilhali mwenyeji, mwenye diski kubwa ya kukagua, alichelewa kwa dakika kadhaa. Mashine iliyowashwa mapema ilibisha hodi, ikajibiwa na ruta: karibu, anwani yako ni hii. Ikauliza jina la faili, na ruta haikujua faili lolote. Mgeni akakaa mlangoni, ana anwani mkononi, hana kazi. Mashine zilizowashwa baadaye zilimkuta mwenyeji macho, nazo zikapokewa. Wazee wamesema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ruta ikaondolewa kazi ya kugawa anwani, ikabaki na kazi yake ya kuleta intaneti, na mwenyeji peke yake akawa mpokea wageni. Kesho yake kompyuta zote sita za dirishani zilisoma faili la kwanza bila kukataa, na jina lake kila moja likafutwa katika orodha ya vifaa vya kuondolewa.

Ni vyema kulitafakari jambo hili kabla ya kuendelea. Mashine sita zilikaribia kutupwa kwa kosa ambalo halikuwa lao. Kosa lao lilikuwa kufika mapema, tena kwa sababu zilipangwa karibu na mlango. Wote waliozihukumu walitazama palipoonekana dalili, wakadhani ndipo palipo na sababu. Katika madarasa ya nchi yoyote wamo watoto wa namna hiyo: wamefika mapema au wamechelewa, wamebisha hodi mahali ambapo aliyejibu hakuwa na cha kuwapa, na ripoti ikaandika kwamba hawawezi. Msomi anayesahihisha mitihani ana sababu ya kulikumbuka daftari lile lililoandikwa saa.

Yalisalia makosa ya namna nyingine, yatokanayo na umri wenyewe. Kompyuta nne zilipokea kerneli kisha zikakataa kuiamsha, zikaeleza kwamba kerneli hiyo yahitaji kichakato cha biti 64, na chake ni cha biti 32. Dawa ilikuwa kuwawekea wageni hao mfumo wao peke yao, wenye kerneli ya biti 32 na mapambo machache, ambao mwenyeji huwapa baada ya kuwatambua kwa namba za kadi zao. Kompyuta moja ilifanya kioja zaidi: ilileta kerneli kwa waya, na kerneli ilipoamka haikuijua kadi ya mtandao iliyoileta, ikadai kwamba hakuna mtandao. Ni kama mtu aliyevushwa mto kwa mtumbwi, akashuka ng'ambo akauliza, mtumbwi ni kitu gani? Sababu ni kwamba programu ya kadi iliyobisha hodi si sehemu ya kerneli; kerneli lazima iwe na kiendeshi chake yenyewe, nacho kiwemo katika mkoba mdogo wa mafaili inaosafiri nao. Kiendeshi kikatiwa mkobani, safari ikakamilika.

Kompyuta tatu zilikuwa na ugonjwa wa kusahau. Jioni ziliagizwa zianze kwa mtandao. Asubuhi zilitafuta diski isiyokuwapo, na saa zake zilirudi nyuma miaka mingi. Ndani ya kila kompyuta mna betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, ambayo hulinda kumbukumbu ya mpangilio umeme unapozimwa. Betri hizo zilikwisha nguvu zamani. Zikanunuliwa tatu sokoni Morogoro kwa fedha isiyofikia bei ya nauli ya kurudi Dar es Salaam. Na mwisho kabisa ziko kompyuta tatu nyingine zisizopona. Vihifadhi chaji vya ubao wao mkuu vilikuwa vimevimba vichwa na kutoa ute, maradhi yaliyozipata mashine nyingi zilizotengenezwa miaka ya mwanzo ya karne hii. Hizo zilifunguliwa, vipande vyake vizima vikawa akiba ya nyingine. Hesabu ya mwisho ikawa 15 kwa 18.

Je, kazi hiyo yote ilistahili? Swali hili lina watu wake wenye akili, na halipasi kujibiwa kwa huruma. Kompyuta ya mezani ya zamani, pamoja na kioo chake kinene, aghalabu hula zaidi ya wati 100 za umeme, wakati ambapo Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, hutosheka na wati chache. Wanaotoa mashine kuukuu pengine hutafuta pa kuzitupa na kuliita jalala lao sadaka. Tena mlango wa biti 32 unafungwa: Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa bado na kerneli ya mashine hizo, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haikutoa tena kerneli wala kisakinishi chake. Mwenyeji mmoja mmoja anaacha kuijua lugha ya wageni wake wakongwe. Na kwa upande wa pili, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zikaanza kuitwa kuukuu siku hiyo. Wimbi la mashine za namna hii linakuja, lipendwe au lisipendwe.

Jibu la busara si kukubali zote wala kukataa zote. Tanzania imewahi kuonja njia zote mbili. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilisimika kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500. Na mwaka 1974, baada ya matatizo na hasara, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila idhini maalumu. Katazo hilo lililegezwa miaka ya baadaye. Aliyepokea bila kuchunguza na aliyekataza bila kuchagua walikuwa na upungufu mmoja: hapakuwa na watu wa kutosha wenye ujuzi wa kuifungua mashine na kuiuliza.

Na milima yenyewe ina somo la kale zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitekeleza Mradi wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, ikawashurutisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo na maji, na nia hiyo haikuwa mbaya. Lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba; tuta likichimbwa, udongo usiozaa hutoka chini na kukaa juu, na mkulima hupata jasho badala ya mavuno. Mwaka 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mradi ukaachwa. Roland Young na Henry Fosbrooke waliyaeleza mambo hayo katika kitabu chao cha mwaka 1960 juu ya ardhi na siasa za Waluguru. Lakini upande wa Mgeta, ambako udongo na soko la mboga vilikuwa vingine, kilimo cha matuta kimeendelea. Dawa ilikuwa moja, miteremko ilikuwa mbalimbali. Aliyelazimisha hakuuliza kila mteremko una udongo gani. Kompyuta 18 nazo ni miteremko 18: kila moja ilitaka kuulizwa peke yake, na zilizoulizwa zilijibu.

Jambo la kuwahusu wasomi wa lugha halipasi kusahauliwa. Maneno yote yaliyoandikwa kwenye vioo vile yalikuwa ya Kiingereza, na wanafunzi walikuwa wakiyasoma kama watu wasomao hirizi: kwa heshima, bila maana. Fumbo halikufunguka hata safari nzima ilipohadithiwa kwa Kiswahili, kwa hodi na karibu, kwa mgeni na mwenyeji. Msichana yule asingeweza kusema kwamba mashine zinabisha hodi kabla mwenyeji hajaamka kama hakuwa amepewa lugha ya kusemea hivyo; na mwalimu asingeweza kuuliza ni nani aliyejibu kama hadithi haikuwa na nafasi ya mtu wa pili mlangoni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba mashine yaweza kusema Kiswahili. Lililobaki ni kubwa zaidi, nalo ni kufikiri juu ya mashine kwa Kiswahili: kuwa na lugha ya kutafutia kosa, si lugha ya kubonyezea vitufe tu. Istilahi peke yake haitoshi. Istilahi hutaja vitu. Hadithi huonyesha jinsi vitu vinavyotendana, na makosa hukaa katika kutendana huko.

Iko na haki ya wale walio chini ya mlima. Kompyuta ikitupwa korongoni, risasi iliyomo katika kioo chake kinene haipotei. Maji ya makorongo ya Morogoro huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu; kwa hiyo jalala la shule ya mlimani laweza kuwa jambo la mnywaji wa maji aliye mbali sana, asiyejua hata jina la shule. Hata zile tatu zisizopona zina adabu ya mazishi yake: zitenganishwe, zitunzwe, zikabidhiwe kwa wenye ujuzi wa kuziyeyusha. Kuchunguza kabla ya kutupa ni kumchunga na jirani.

Ujuzi wa kuwasha kompyuta kuukuu kwa mtandao utapita, kama ulivyopita ujuzi mwingine mwingi. Siku moja hapatakuwa na kerneli ya kuziamsha mashine hizo, na hapatakuwa na haja ya kuziamsha. Lakini tabia iliyojengwa katika kazi hiyo haizeeki: kuuliza mazungumzo yamekatika wapi, kuandika saa pamoja na jina, kutofautisha anayekataa na asiyejibiwa, na kukubali kwamba kimoja kati ya vitu vilivyo chakavu ni chakavu kweli. Mtu mwenye tabia hiyo atakipokea kipya kwa macho yaliyofunguka, kwa kuwa alijifunza kutazama kwa kikuukuu. Asiye nayo atapewa vipya kila mwaka, na kila mwaka vitamkatalia mlangoni, naye ataviita vibovu.